Jua litapatwa Agosti 2027, lakini sisi Kenya hatutakuwa na hata sekunde moja ya kuvua miwani

Kuna jamaa yangu ni fundi wa simu hapa mtaani. Mpelekee simu iliyokufa, ataifungua kwa bisibisi ndogo, kisha atageuza kichwa upande kama kuku anayemchunguza mwewe angani. Wateja wapya hudhani ni mbwembwe za kazi. Si mbwembwe. Jicho lake la kulia lina doa pale katikati kabisa. Akiitazama skrubu moja kwa moja kwa jicho hilo, skrubu inapotea. Akitazama pembeni kidogo, inarudi.

Doa hilo alilipata Jumapili, 3 Novemba 2013. Najua kwa sababu nilikuwa hapo. Tulikuwa watoto, juu ya paa la ploti, katikati ya nguo zilizoanikwa, na jua lilikuwa linapatwa. Mmoja wetu alileta filamu ya eksirei ya nyanyake. Mwingine akaleta CD iliyokwaruzika. Mimi zamu yangu ilipofika niliogopa, nikachungulia sekunde moja nikaachilia. Yeye hakuogopa. Ilikuwa jioni, mwanga umefifia, akasema jua lenyewe limeisha nguvu. Akaweka CD chini akalitazama kwa macho matupu, wee, hadi sisi wengine tukachoka kumngoja.

Hakuna kilichomuuma. Tulishuka, tukala, tukalala. Asubuhi yake shuleni ndipo aligundua kwamba maandishi ya ubaoni yana shimo. Daktari aliyemwona baadaye alimwambia mamake ukweli: hakuna tembe, hakuna dawa ya matone, hakuna miwani ya kuondoa hiyo kitu. Ngojeni muone kama itapungua. Ilipungua kidogo, kisha ikakataa.

Nakupigia hii hadithi kwa sababu tarehe nyingine inakuja. Jumatatu, 2 Agosti 2027, mwezi utapita tena mbele ya jua, na safari hii dunia nzima itakuwa inaongea. Na nina wasiwasi kwamba maneno mengi yatakayofika kwenye simu yako siku hiyo yatakuwa ya kweli kabisa, lakini ya kweli kwa mtu mwingine, aliye mahali pengine.

Nani ataona giza, nani ataona nusu

Tuanze na ramani. Kivuli cha mwezi kitaanzia Bahari ya Atlantiki, kipite kusini mwa Uhispania, Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, kisha Misri. Karibu na mji wa Luxor, jua litafunikwa lote kwa dakika 6 na sekunde 23. Hiyo ni muda mrefu sana kwa mambo ya jua. Ndiyo maana watu walianza kutafuta vyumba vya hoteli huko Luxor miaka kadhaa kabla. Kutoka Misri kivuli kitavuka Bahari ya Shamu, kiingie Saudi Arabia, kipite Jeddah na Makka, kishuke Yemen, kiguse ncha ya kaskazini ya Somalia, kisha kipotelee Bahari Hindi.

Umesikia Kenya hapo? Hapana. Sisi tuko nje ya ile njia ya giza. Tutaona jua likiliwa upande mmoja tu, mchana, jua likiwa juu. Ukiwa Mandera litaliwa zaidi kuliko ukiwa Nairobi, kwa sababu Mandera iko karibu zaidi na njia ya kivuli. Lakini hakuna kaunti hata moja kati ya zile 47 ambayo itaona jua limefunikwa lote.

Waliozaliwa zamani watakuambia kuna wakati ilikuwa zamu yetu. Tarehe 30 Juni 1973 jua lilifunikwa lote kule kaskazini, kwenye ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf na sisi tunaliita Turkana. Mwaka wa 2013 pia kivuli kilipita Turkana, kwa sekunde chache tu, na waliosafiri hadi Sibiloi kukingoja waliharibiwa sherehe na mawingu na upepo wa mchanga. Sisi wa Nairobi siku hiyo tulikuwa kwenye nusunusu. Jamaa yangu alichomwa na nusunusu.

Shika hilo neno, nusunusu, maana ndilo kiini cha makala haya.

Ushauri wa Luxor si ushauri wa Kasarani

Kuna sheria moja ambayo wataalamu huwapa watu walio ndani ya njia ya giza. Inasema hivi: vaa miwani maalum wakati wote jua linapoliwa, jua likishafunikwa lote, kabisa kabisa, unaweza kuivua na kutazama kwa macho yako, kabla tu ya ukingo wa kwanza wa mwanga kutokea tena, irudishe. Ni sheria sahihi. Zile dakika sita za Luxor, anayeziona kwa macho matupu haumii, kwa sababu kinachobaki angani ni utando mwepesi wa mwanga unaolizunguka jua, usio mkali kuliko mwezi mpevu.

Sasa piga picha. Ni mchana wa Agosti. Uko Kasarani, umeshika simu. TikTok inakuletea video ya mtalii aliye Luxor: anapiga mayowe, anavua miwani, analia kwa furaha. Anakuambia kwa Kiingereza, vua miwani, hii kitu ni salama! Hadanganyi. Kwake ni salama. Lakini wewe ukiinua kichwa wakati huohuo, jua lako la Kasarani bado linawaka sehemu kubwa.

Kwetu sheria ni fupi zaidi: hakuna kuvua. Tangu mwezi uguse jua mpaka uliachie, hakuna sekunde hata moja ya kutazama bila kinga.

Utasema, lakini jua likiliwa si mwanga unapungua? Mwanga wa mtaani unapungua, ndiyo. Kile kipande kilichobaki hakipungui ukali. Fikiria jiko la makaa. Ukitoa makaa yote ukabakisha moja, chumba hakitapata joto kama kwanza. Lakini lile moja lishike uone. Ndivyo lilivyo jua lililoliwa. Kipande kinachoonekana kina ukali uleule wa jua la saa sita, na lenzi ya jicho lako inakikusanya na kukichora pale nyuma, kwenye retina, ule ukuta mwembamba unaopokea picha.

Kisha kuna mtego. Siku ya kawaida jua lenyewe hukufukuza. Ukilitazama unafumba macho bila kupenda. Siku ya kupatwa, mwanga ukififia, ule ulinzi wa asili unalegea. Mboni inapanuka. Unaweza kukaza macho sekunde kumi, ishirini. Na retina haina mishipa ya kuhisi maumivu. Inachomwa kimya. Kinachofanyika si kupikwa kama nyama tu. Mwanga wenyewe unaanzisha sumu ndani ya seli, na seli zinakufa polepole. Ndiyo maana jamaa yangu alilala fiti akaamka na shimo.

Hii nusunusu imeshaumiza watu kwenye nchi zenye hospitali kila kona. Tarehe 11 Agosti 1999 jua lilifunikwa lote kule pembe ya kusini magharibi ya Uingereza. Leicester, mji ulio mbali na hapo, ulipata sehemu tu, ingawa kubwa. Baadaye watu 45 walifika hospitalini Leicester wakihofia macho yao. Wengi walipata nafuu baada ya miezi, lakini wachache walibaki wanaona kivuli cha lile jua.

Mwaka wa 2017, jua lilipopatwa Marekani tarehe 21 Agosti, jiji la New York pia lilikuwa kwenye nusunusu. Mwanamke mmoja wa miaka ya ishirini, rika letu kabisa, alitazama sekunde chache bila kinga. Madaktari walipopiga picha nyuma ya jicho lake walikuta kovu lenye umbo la mwezi mwandamo. Yaani jua lilijichora. Siku hiyohiyo Rais Donald Trump, akiwa kwenye roshani ya White House, alinaswa na kamera akiinua uso kutazama bila miwani, huku mtu akimpigia kelele asifanye hivyo. Washington nayo ilikuwa nusunusu. Kama rais mwenye wanasayansi wa serikali nzima anaweza kushindwa kujizuia, usidhani wewe na mimi tuko juu ya hilo.

Hesabu ya beseni na eksirei

Wakenya hatukosi mbinu. Kila mtaa una fundi wa kupatwa kwa jua. Wacha tuzipime mbinu zetu kwa hesabu ndogo.

Miwani inayokubalika kwa kazi hii hufuata kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 12312-2. Mwanga unaoruhusiwa kupita hauzidi asilimia 0.0032. Kwa lugha ya mtaa, kati ya sehemu zaidi ya 30,000 za mwanga, inapita moja.

Miwani ya kawaida ya jua, ile ya mia moja pale kando ya barabara au hata ile ya elfu kumi dukani, hupitisha sehemu moja kati ya tano au kumi hivi. Hata uvae tatu kwa pamoja, hujafika popote. Sasa, beseni la maji. Hii tumerithi kutoka kwa wazazi na wengi wanaiamini: weka maji kwenye beseni, tazama jua ndani. Jua likiwa juu, maji tulivu huakisi karibu asilimia 2 ya mwanga. Hiyo ni sehemu moja kati ya 50. Linganisha na moja kati ya 30,000. Beseni linakupa mwanga zaidi ya mara 600 kuliko miwani halali. Halafu maji yanapendeza, kwa hivyo unakodoa muda mrefu.

Eksirei na CD zina tatizo lingine: hujui zinapitisha nini. Zinafanya jua lionekane jeusijeusi, wewe unapata ujasiri, kumbe kuna mwanga usioonekana kwa jicho unaopita tu. Kioo kilichopakwa moshi wa mshumaa ni hivyohivyo.

Na ile kinga ya mafundi wa kuchomelea? Hapa tuwe waangalifu, maana sisi ndio nchi ambayo fundi wa jua kali huchomelea geti akiwa amevaa miwani ya fasheni. Kioo cha kuchomelea kinaweza kufaa, lakini kiwe namba 12 au zaidi, na wengi hupendekeza 14. Namba huwa imechapishwa kwenye kioo chenyewe. Kama huioni, au mwenye kioo hajui, rudisha.

Miwani yenyewe ukiipata, usifurahie haraka. Mwaka wa 2017 Amazon ililazimika kuwaambia wateja waliokuwa wameshanunua kwamba miwani fulani haikuthibitishwa kuwa salama, na kuwarudishia pesa. Kama feki zilipenya huko, fikiria zitakazomwagwa mitaani wiki ya mwisho ya Julai 2027. Maandishi ya ISO mtu yeyote anaweza kuchapisha. Jaribio lako ni hili: ivae ukiwa ndani ya nyumba. Usione chochote. Si ukuta, si meza, si mtu aliyesimama mbele yako. Labda taa kali sana kwa unyonge, basi. Ukiona sura ya aliyekuuzia, mrudishie miwani yake. Iliyokunjika, iliyotoboka au yenye mikwaruzo, tupa.

Jambo lingine kwa wapiga picha. Usivae miwani ya kupatwa kisha ukachungulia kwenye darubini au kamera yenye lenzi kubwa. Lenzi hukusanya jua lote kwenye nukta moja, na nukta hiyo itaipasua miwani pamoja na jicho. Kinga ya darubini huwekwa mbele ya lenzi, upande wa jua, si upande wa jicho.

Njia ya bure

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, mjomba aliniuliza kama kuna kitu hata kimoja nilichosoma ambacho kitawahi kunisaidia. Nilikosa jibu siku hiyo. Leo ninalo, na ni la kidato cha kwanza: kamera ya tundu. Unakumbuka ile mada ya fizikia, mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kisha mwalimu anatoboa boksi? Wengi tulikariri tukapita. Ndiyo kinga bora zaidi ya siku hii na haina gharama.

Chukua karatasi ngumu au kipande cha boksi. Toboa tundu dogo kwa pini. Lipe jua mgongo. Nasema tena, mgongo. Inua kadibodi juu ya bega, jua lipite kwenye tundu na litue kwenye karatasi nyeupe uliyoiweka chini mbele yako. Utaona kiduara kidogo. Hicho si kivuli cha tundu, ni picha ya jua lenyewe. Mwezi ukianza kulila jua, kiduara nacho kitaanza kuliwa. Hutazami jua kupitia tundu, unatazama karatasi.

Huna kadibodi? Chukua kichujio cha chapati chenye matundu, utapata majua hamsini kwa mpigo. Panganisha vidole vya mikono miwili kama wavu. Simama chini ya mwembe, na mwanga unaopenya kati ya majani utachora vimwezi mchanga mzima. Mtoto wa chekechea anaweza kufurahia hiyo bila hatari yoyote.

Kama unaishi nyumba ya mabati, wewe ndiye tajiri wa siku hiyo. Yale matundu ya misumari ambayo msimu wa mvua yanakukera, kila moja ni kamera. Vile viduara vya mwanga unavyoona sakafuni kila mchana ni picha za jua, ni vile tu hukuambiwa. Siku hiyo vitaliwa kimoja baada ya kingine, hapo hapo kando ya kitanda.

Kazi iliyobaki

Nikiangalia tunavyoshughulikia mambo haya, naona tuna maneno mawili tu. La kwanza ni la kutisha: ingieni ndani, fungeni madirisha, msitoke. La pili ni la wajanja wa mtandao: twende tukaone, ni mara moja maishani. La kutisha halifanyi kazi kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Sisi tuliambiwa tukae ndani, ndiyo sababu tulipanda paa. La wajanja linasahau kutaja uko wapi.

Kinachotakiwa ni neno la tatu, la nusunusu yetu. Redio za lugha zetu zilitangaze. Mwalimu wa sayansi awaonyeshe wanafunzi kichujio na karatasi siku chache kabla, iwe shule zimefungwa au la. Kaunti ikitaka kununua miwani inunue mapema kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana, si kwa tenda ya siku mbili. Msikiti utakaoitisha swala ya kupatwa kwa jua na uwaambie waumini jambo hili kabla hawajatawanyika nje, maana jua litakuwa bado linaliwa.

Na tusisahau watu wetu walio nje. Wakenya wengi wanafanya kazi Ghuba. Binamu yangu yuko Jeddah, anatunza nyumba ya watu. Kwake giza litakuwa kamili kwa dakika sita hivi, na anaweza kupata nafasi ya kutoka kwenye roshani akaangalia. Nimemtumia sauti kwenye WhatsApp: wewe una ruhusa ya kuvua miwani, lakini ni ndani ya giza tu, na ukiona cheche ya kwanza upande wa jua, rudisha au geuka. Rafiki yake aliye Riyadh nimemwambia kinyume. Riyadh, Madina, Dubai, Doha, zote ziko nje ya njia kama sisi. Ukiwa na ndugu huko, mtumie ujumbe unaolingana na mji wake, usisambaze tu ule ulioletewa.

Kama baada ya siku hiyo wewe au mtoto wako ataona doa katikati, mistari iliyopinda au rangi zilizofifia, usingoje wiki. Nenda ukapimwe macho. Dalili huja baada ya saa kadhaa, hata kesho yake. Mara nyingi jicho hupata nafuu lenyewe kwa wiki au miezi. Mara nyingine halipati.

Juzi nilimpelekea jamaa yangu simu, kioo kimepasuka. Nikamuuliza kama 2027 atatazama. Akacheka, kichwa kikiwa bado upande. Akaniambia kibanda chake ni cha mabati na ana matundu saba ya misumari. Ameyahesabu. Siku hiyo anafunga kazi mchana, anafagia sakafu, anatandika karatasi nyeupe, na watoto wote wa ploti wataingia humo ndani watazame chini.